Nungwi naitwa Fundi, kwetu naitwa Maalim

Assalamu alaikum Shangazi,

Naandika polepole, maana gumba la mkono wa kulia lilipitiwa na tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, wiki iliyopita. Nimelifunga kitambaa na kalamu haikai vizuri. Unisamehe mwandiko.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Pemba, upande wa Micheweni. Kijiji sikitaji, kwa sababu kwetu ukishataja kijiji na kazi ya baba umeshamtaja mtu. Baba yangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Babu alisomesha palepale, kwenye baraza ileile, na baba yake kabla yake. Mimi nilijaaliwa sauti, nikahifadhi juzuu zote 30 nikiwa na miaka 14. Wageni wakija kutoka Unguja, baba alikuwa akinituma mtu uwanjani aniite. Naacha mpira, nanawa miguu, navaa kanzu, nasoma, watu wanalia. Tangu wakati huo sikumbuki lini nimeitwa kwa jina langu kwetu. Ni Maalim mdogo. Hata mama ananiita hivyo akinipa chai.

Nilipofika miaka 26 baba alinipeleka Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwa rafiki yake mwenye chuo, nikamsaidie kusomesha. Miezi mitatu nilisomesha kweli. Halafu mtoto wa yule maalim akarudi kutoka masomoni nje, nafasi ikawa yake. Nilitakiwa nirudi Pemba. Sikurudi. Kila baada ya alasiri nilikuwa nikipita pwani wanapounda vyombo, nasimama tu, natazama. Siku moja fundi mmoja mtu mzima akaniambia, "Wee kijana, nishikie ubao huu." Nikaushika. Shangazi, ni mwaka wa tano sasa.

Sijui nikueleze vipi. Pale hakuna mchoro. Fundi anapima kwa shibiri na kwa jicho, anazunguka chombo kama mtu anayemwangalia ng'ombe wa kununua, anasema "hapa pamevimba," na kweli ukipitisha mkono unapaona. Mataruma tunayatafuta kwenye miti iliyojikunja yenyewe, tawi la mfenesi ambalo mwingine angelitia kuni, sisi tunaona ubavu wa mashua. Nimeanza kwa kuokota vijiti na kupika chai, nikaja kwenye kalafati, kupiga pamba kwenye maungio siku nzima mpaka mabega yanawaka moto. Sasa naachiwa tezo. Nikilala usiku naona mbao. Sijawahi kulala nikaona kitu nilipokuwa chuoni.

Baba hajui. Akinipigia simu akiuliza chuo vipi, nasema chuo kizuri. Kila Idd nakwenda kwetu. Napanda gari ya 116 mpaka Darajani, nashuka bandarini, na kwenye meli, kabla hatujafika Mkoani, naingia chooni navua fulana navaa kanzu na kofia. Najisugua ndimu mikononi kutoa harufu ya sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Idd iliyopita nilipompa baba mkono, hakuuachia. Macho yake yameingia ukungu kwa sababu ya sukari, siku hizi anatazama kwa vidole. Akaugeuza mkono wangu, akapitisha gumba lake kwenye kiganja, akasema, "Mikono yako imekuwa migumu." Nikamwambia tunajenga darasa jipya, nabeba matofali. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mungu akubariki."

Mwezi wa Rajabu alinipigia ami yangu. Baba hajiwezi tena kukaa na watoto asubuhi na jioni. Anataka Mfunguo Mosi, wiki ya pili baada ya Idd, anikabidhi chuo mbele ya watu msikitini. Na Mfunguo Pili ni nikahi yangu. Nimeposewa binti wa imamu wa kijiji jirani, anasomesha skuli ya msingi, ana akili na ana cheko zuri. Tunazungumza kwa simu. Huniuliza habari za wanafunzi wangu nami humsimulia: yupi mtundu, yupi analala darasani. Wanafunzi hao hawapo. Nawatunga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anawapenda.

Nilimwambia ami kwa mbali kwamba moyo wangu uko kwenye kazi ya mikono. Akanijibu, "Mwacha asili ni mtumwa." Neno hilo limenikaa kifuani kama kipande cha mbao.

Hakuna mwingine wa kushika chuo. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat miaka kumi sasa, anatuma pesa, hakuna anayemuuliza kitu. Dada yangu ndiye anayewashika wadogo wa juzuu amma tangu baba aanze kuumwa, lakini yeye ni mwanamke, ana watoto wawili, na mume.

Shangazi, sikuacha dini, usinielewe vibaya. Miezi miwili nyuma tulishua mashua ya mtu wa Mkokotoni. Sheikh aliyealikwa kuomba dua hakutokea, na maji hayamngoji mtu. Fundi akatazama huku na huku. Nikasoma mimi. Watu walinyamaza pwani nzima, kisha tukavuta kamba ikaingia majini. Fundi akaniuliza, "Umesoma wapi wewe?" Nikasema chuoni tu, kama wenzangu. Nungwi sijamwambia mtu kwamba nimehifadhi. Msikitini nasimama safu ya nyuma ili nisije nikatangulizwa.

Nimechoka. Nataka kuwa mtu mmoja tu. Je, mtu anaweza kuwa yeye mwenyewe bila ya kumuua baba yake?

Fundi wa Nungwi

*

Jibu la Shangazi

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya kijana anayetakiwa awe maalim naye anataka kuwa fundi. Mara ya tatu nilikuwa nasoma habari nyingine, na hiyo ndiyo nitakayokujibu zaidi. Lakini kwanza nikuoneshe kama nimekuelewa.

Una baba mgonjwa ambaye anakutazamia umrithi kazi iliyokaa katika nyumba yenu kwa vizazi. Una kazi uliyoipata bila kuitafuta, nayo imekushika. Baina ya viwili hivyo umejenga darasa lisilokuwepo, umelijaza watoto wasiokuwepo, na kwa miaka mitano umekuwa mwalimu wake. Sasa kuna tarehe mbili mbele yako, Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili, na zote mbili zinakuja na watu wao. Unaona ukisema kweli unamuua baba, na ukinyamaza unajizika mwenyewe. Ni hivyo?

Sasa mwanangu, nivumilie nikuulize maswali.

Unasema kwenu unavaa kanzu iliyo ya Maalim mdogo, na kwamba Nungwi ndiko uliko wewe. Lakini Nungwi nako unasimama safu ya nyuma. Umehifadhi Kitabu chote kifuani, na mtu aliyekufundisha kazi kwa miaka mitano, anayekula nawe sahani moja, hajui. Kwa hiyo kwenu unaficha mikono, Nungwi unaficha kifua. Nauliza tu: ni wapi hasa ambako mtu anakujua wewe mzima? Maana mimi katika barua nzima nimepaona pahala pamoja tu. Ni pale pwani, siku mliyoshua mashua ya mtu wa Mkokotoni. Siku ile ulikuwa umeshika kamba kwa mkono uliolichonga lile taruma, na ulimi wako unasoma dua aliyokufunza baba yako. Hukubadilisha nguo chooni. Jambo hilo umeliandika kwa mistari michache, ukalipita mbio ili ukafike kwenye uchovu wako. Mimi ningekuomba urudi, ukae nalo.

Sikuambii kwamba jawabu liko hapo. Huenda halipo. Lakini uchovu wako nadhani nauelewa: mtu hachoki sana kwa kufanya kazi asiyoipenda kama anavyochoka kwa kulinda mlango usiku na mchana. Kila simu ya baba ni mlinzi kusimama. Kila swali la mchumba ni mlinzi kusimama. Hata ndimu ile ya kwenye meli ni ulinzi.

Nije kwenye neno la ami yako, kwa sababu nimeona limekuchoma. "Mwacha asili ni mtumwa." Neno zito kusemwa hapa Zanzibar, pahala ambapo watu walinunuliwa na kuuzwa mpaka soko likafungwa mwaka 1873. Wazee hawakulitunga kwa mchezo. Walimaanisha kwamba mtu anayejikana kwao atakuwa wa kila anayemtaka. Lakini umewahi kumuuliza ami asili yako ni ipi? Kisiwa chenu ni cha watu wa bahari. Vijana wa Kojani wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi na miezi kwa vyombo vilivyoundwa na mikono ya watu. Masheikh wetu wenyewe walikuja huku kwa vyombo. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 akafariki Unguja mwaka 1925, ambaye jina lake baba yako bila shaka hulitaja kwa heshima, katika ujana wake alikuwa nahodha wa chombo cha baba yake, kabla hajawa kadhi wa kutegemewa. Na wewe unayeijua Surat Hud kwa moyo, unajua namna wakubwa wa kaumu ya Nabii Nuhu walivyokuwa wakimpitia yumo katika kuunda safina, wakimcheka. Nabii Zakaria alikuwa seremala, imo katika Sahihi Muslim. Hayo sikutajii ili ujifananishe na Mitume, wala ili ukamshinde ami yako kwa hoja. Mtu mzima ukimshinda kwa hoja, unampoteza. Nakutajia ili lile neno likutoke kifuani, upate kuvuta pumzi. Tezo halijakutoa katika asili yako.

Na baba? Umeniambia hutaki kumuua. Nimelitazama sana lile tendo la Idd. Mzee ambaye amesomesha maisha yake yote, aliyeshika mikono ya watoto mamia akiwafundisha kufuata mstari kwa kijiti, anashika kiganja cha mwanawe, anakigeuza, anakipapasa, anasema kimekuwa kigumu. Wewe ukamjibu matofali. Sisemi anajua. Mimi sikuwepo, na moyo wa mtu ni msitu. Lakini alinyamaza, na hakuuliza mara ya pili. Kimya cha wazee wetu kina maana nyingi. Pengine aliamini. Pengine alikufungulia mlango ukaurudisha. Pengine yeye pia anaogopa, anasema moyoni, nikimuuliza sana atanambia jambo ambalo sitaki kulisikia katika umri huu. Wewe umechukua kwamba ukweli utamuua. Je, umewahi kufikiri kwamba huenda anachokiogopa zaidi ni kukabidhi chuo kwa mtu ambaye hakitaki? Mwalimu mzuri humjua mtoto aliyekaa mbele yake kwa mwili tu, roho iko nje kwenye mpira. Na wewe alikuwa akikuita kutoka kwenye mpira.

Tuzitazame njia zilizo mbele yako, na miiba ya kila moja.

Unaweza kukipokea chuo kwa moyo wote na kuacha tezo. Wapo waliofanya hivyo wakapata utulivu, kwa sababu walikwenda kwa hiari. Hatari yake ni ukienda kwa kubebwa. Mwalimu aliyeletwa kwa nguvu hawezi kuuficha uchungu wake kwa muda mrefu. Utamtoka siku moja, na utakayemwangukia ni mtoto wa miaka saba aliyekosea herufi. Hilo naliogopa kuliko kijiji kusema, na nadhani na wewe unaliogopa, ndiyo maana wanafunzi wako wa kutunga hujawahi kuwapiga hata kimoja.

Unaweza kurudi Pemba na vyote viwili, asubuhi chuo, mchana pwani. Ni jambo zuri kulisikia. Lakini fundi wako yuko Nungwi, na wewe bado unajifunza. Ujuzi wa mikono ukikatwa katikati haurudi kirahisi. Na chuo kina tabia ya kula siku nzima: mtoto mgonjwa, khitma ya jirani, maulidi, mzazi mwenye shida. Jiulize kama wewe ni mtu wa kusema "leo hapana." Kwa barua yako, sijaona.

Unaweza kubaki Nungwi na kumwambia baba hapana. Hapo mwiba ni mmoja lakini mrefu: akifariki hamjazungumza yakaisha, utaubeba. Watu watasema, na watasema kweli muda, miaka miwili au mitatu. Hilo la watu linapita. La baba sijui.

Na lipo la dada yako, ambaye umemtaja baada ya kusema "hakuna mwingine." Hapa nimekuona unafanya kwa dada lile ambalo watu wanakufanyia wewe. Umemwekea neno moja, mwanamke, ukamfunga ndani yake. Visiwani kwetu wanawake wamesomesha vyuo tangu zamani. Mimi mwenyewe alif yangu nilifunzwa na bibi mmoja chini ya mwembe wake, Mungu amrehemu. Dada yako anawashika wadogo sasa hivi, wakati wewe unasoma barua hii. Umemuuliza anataka nini? Lakini angalia usije ukautua mzigo wako kichwani pake ukauita uhuru. Ana watoto, ana mume, na huenda amechoka kuliko wewe. Muulize kama mtu anayeuliza, na uwe tayari kusikia hapana.

Katika yote hayo sitakuchagulia. Nitakuwa mkali kwenye moja tu, na nitakuwa mkali kwa sababu nimemfikiria binti wa watu. Yule mchumba wako ameposwa na Maalim, na amekubali kuishi Pemba na Maalim, na anawapenda watoto ambao hawapo. Mkifunga nikahi juu ya hadithi hiyo, siku atakayojua, na njia ya mwongo ni fupi, hatakulaumu kwa kuwa fundi. Atauliza yule aliyekuwa akicheka naye kwenye simu alikuwa nani. Mpe nafasi ya kuchagua kabla, si baada. Inawezekana akavunja posa. Inawezekana babake akakasirika na maneno yakafika kwa baba yako kabla yako, na hiyo ni hatari ya kweli, kwa hiyo fikiria utangulie kwa nani. Inawezekana pia akakuuliza hilo tezo likoje. Mwanamke mwenye akili na cheko zuri, usimdharau kwa kumuamulia atakachosema.

Kuhusu namna ya kumwambia baba: kwetu jambo zito halipelekwi mikono mitupu. Watu humtuma mtu mzima. Pengine mama ndiye wa kwanza kujua, kwa kuwa mama anajua saa gani baba ametulia, sukari haijapanda na amekwisha kuswali. Au fundi wako mwenyewe. Nimelifikiria hili: mzee wa Nungwi akavuka mpaka Pemba, akakaa barazani kwa baba yako, wazee wawili, akamwambia, "Nimekaa na mwanao miaka mitano, nimekuja kukushukuru malezi." Hakuna barua itakayosema hivyo. Lakini kwa hilo lazima kwanza fundi aambiwe wewe ni nani, na hapo safu ya nyuma itakuwa imekwisha. Hatari yake ni kwamba baba anaweza kuona umejificha nyuma ya mtu. Wengine hupenda kusikia kwa mdomo wa mtoto wenyewe, hata kama unatetemeka. Wewe ndiye unayemjua.

Na wakati. Umeniandikia kana kwamba Mfunguo Mosi ndiyo siku yenyewe. Lakini mbele ya watu msikitini ndipo pahala pabaya kuliko pote pa kusema na kunyamaza. Ukinyamaza pale, umekubali mbele ya kijiji kizima. Ukisema pale, umemfedhehesha mzee. Kama utakwenda, kuna usiku mingi ya Shaabani iliyobaki, na meli zipo. Ramadhani nayo si mbaya. Baada ya tarawehe watu wengi mioyo yao iko laini, na baba zetu pia ni watu. Unaweza hata kumwomba muda, usimpe ndiyo wala hapana: nyumba ingojee mpaka baada ya msimu wa karafuu, watoto nao huwa wachache chuoni wakati huo, na dada apate wa kumsaidia. Kuahirisha kwa uwazi kuna tofauti kubwa na kuahirisha kwa siri.

Umeuliza kama mtu anaweza kuwa yeye mwenyewe bila ya kumuua baba yake. Mwanangu, mimi nimewaona watu waliojiweka huru wakawaacha wazazi wao wakilia, na nimewaona waliowaridhisha wazazi wakawazika, wakabaki wamekaa kwenye kiti kisicho chao wakiwa na miaka 60. Siwezi kukuapia litakalokuwa lako. Ninachokiona ni kwamba sauti yako ulipewa na baba, na mikono ulijipatia, na hadi sasa baba amekijua kimoja tu. Hajapata nafasi ya kukukubali wala kukukataa. Aliyekubaliwa miaka yote hii ni yule anayevaa kanzu chooni kwenye meli.

Ukiamua kwenda, kabla ya lolote ningependa ujaribu jambo dogo Nungwi. Wiki hii, alfajiri, sogea safu ya mbele. Si lazima usomeshe mtu, wala usiseme umehifadhi. Simama tu hapo uone moyo unakwambiaje. Halafu niandikie, hata mistari miwili.

Na hilo gumba. Kidonda cha chuma cha wiki nzima kilichofungwa kitambaa hakinifurahishi. Kioshe kwa maji safi na sabuni, usikipake sifa wala majivu, na kesho asubuhi kabla ya kwenda pwani upite kituo cha afya wakitazame, na uwaulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Akupendaye,
Shangazi